Hesabu ya Shule na Watoto Wake: Somo kwa Wazazi na Wainjilisti



Kila mwaka matokeo ya mitihani ya shule za msingi yakiisha kutangazwa, maneno mengi husikika barazani, hata penye mlango wa kanisa baada ya ibada. Mmoja asema, "Shule ya ng'ambo ya mto imetushinda." Wa pili ajibu, "Sababu ni mwalimu wetu mkuu, hana bidii." Wa tatu asema, "La, si mwalimu, ni watoto wa siku hizi." Nasi tulio wachungaji twaombwa kutoa shauri, na mara nyingine twalitoa upesi, kabla hatujauliza neno lo lote.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Mwaka mmoja tulisimama mbele ya wazazi tukawalaumu waalimu wa shule moja, kwa sababu jina la shule yao lilikuwa chini katika orodha. Baada ya siku chache mwalimu mmoja wa shule ile alitujia jioni, pasipo hasira, na daftari la mahudhurio kwapani. Akalifungua mezani, akatuonyesha majina kwa kidole. Hawa walikuja katikati ya mwaka, maana wazazi wao ni vibarua, nao huhama kufuata kazi. Hawa walipoingia darasa la kwanza hawakuijua lugha ya shule. Hawa hukosa kila siku ya soko, kwa kuwa huchukua mizigo ya mama zao. Kisha akatuuliza kwa adabu, "Baba Mchungaji, mlipowahesabu waliofaulu, mlihesabu na haya?" Hatukuwa na jibu.

Somo hili limetoka katika swali lile. Twataka kujifunza pamoja namna ya kuisoma hesabu ya shule, tusimwonee mwalimu, wala tusimdanganye mzazi, wala tusimsahau mtoto. Mfano wetu mkubwa tutautwaa katika nchi ya Marekani. Si kwamba watu wa huko wametushinda kwa hekima, bali kwa sababu huko mambo haya yamehesabiwa kwa miaka mingi, na hesabu zimetangazwa wazi, pamoja na makosa yake. Mwisho tutarudi Afrika ya Mashariki.

1. SHULE YA SERIKALI NA WATOTO WAKE

Katika Marekani shule ya msingi ya serikali haitozi ada. Huwapokea watoto tangu umri wa miaka 5 au 6 hata wafikapo miaka 10 au 11 hivi. Kwa kawaida mtoto hupelekwa shule ya mtaa wake, na halmashauri ya elimu ndiyo iwekayo mipaka ya mitaa hiyo. Hivyo nyumba anayokaa mtoto ndiyo iamuayo shule yake. Na kwa kuwa matajiri hukaa na matajiri, na maskini na maskini, basi shule nazo hufanana na mitaa yao.

Tena sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya nyumba na viwanja vya mahali pale. Mahali penye nyumba za thamani, kodi ndogo huleta fedha nyingi. Mahali penye vibanda, kodi kubwa huleta fedha chache. Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, wazazi wa wilaya ya Edgewood, ambao wengi wao walikuwa wa asili ya Mexico, walilipeleka jambo hili mahakamani. Mwaka wa masomo 1967–68 wilaya yao ilikuwa na dola 356 kwa kila mtoto, na jirani zao wa Alamo Heights walikuwa na dola 594. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi iliwakatalia wazazi wale, waamuzi watano wakiwashinda wanne, ikisema kwamba katiba ya nchi haikuvunjwa. Jambo hili yafaa kulikumbuka kila tusikiapo watu wakisema, "Shule zote ni za serikali, basi zote ni sawa."

Taarifa ya shule moja huko huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yaeleza matokeo: wangapi katika kila mia wamefikia kiwango cha kusoma na cha hesabu. Sehemu ya pili yaeleza watoto wenyewe: ni wangapi, wa asili gani, wangapi wametoka katika jamaa maskini, wangapi wangali wakijifunza Kiingereza, wangapi wana ulemavu. Mtu asomaye sehemu ya kwanza peke yake amefanya kama sisi tulivyofanya siku ile. Lakini hata mtu asomaye zote mbili aweza kukosea, kama hajui zinavyoambatana. Ndiyo maana twaendelea.

2. MTOTO WA TOPEKA

Katika mji wa Topeka, jimbo la Kansas, watoto weusi na watoto weupe walitengwa katika shule za msingi. Mtoto mmoja, Linda Brown, alikaa karibu na shule ya Sumner, lakini hiyo ilikuwa ya weupe tu. Yeye alilazimika kwenda mbali, shule ya Monroe, iliyokuwa ya weusi. Baba yake, Oliver Brown, alikuwa fundi wa kuunga vyuma katika kampuni ya reli, tena msaidizi wa mchungaji katika kanisa lake. Yeye pamoja na wazazi wengine wakaishitaki halmashauri ya elimu ya mji.

Angalieni jambo hili. Katika Topeka haikuwa kwamba shule za weusi zilikuwa mabanda yanayovuja, kama zilivyokuwa mahali pengi pa kusini. Mahakama ilikiri ya kwamba kwa majengo, kwa masomo na kwa sifa za waalimu, shule za pande mbili zililingana au zilikuwa karibu kulingana. Kwa hiyo swali likabaki tupu: Je, kumtenga mtoto, hata kama amepewa jengo zuri, kwamdhuru? Tarehe 17 Mei 1954 waamuzi wote tisa walijibu kwa kauli moja kwamba kutenga kwenyewe ni kutokuwa sawa.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba shule si kuta na madawati tu. Watoto wanaokaa pamoja, na namna nchi inavyowahesabu, hayo nayo ni sehemu ya shule.

3. UCHUNGUZI MKUBWA WA MWAKA 1966

Miaka kumi baada ya hukumu ile, sheria ya mwaka 1964 juu ya haki za raia iliamuru uchunguzi ufanywe katika shule za nchi nzima, kujua ni watoto gani wanaokosa nafasi sawa. Kazi ile iliongozwa na James Coleman, mtaalamu wa elimu ya jamii. Walipimwa watoto zaidi ya nusu milioni, wakaulizwa waalimu kama 60,000, katika shule kama 4,000. Taarifa ilitolewa mwaka 1966, kitabu chenye kurasa zaidi ya 700.

Wengi walitazamia jibu jepesi: shule za weusi zina vitabu vichache na majengo mabovu, basi ndiyo sababu watoto wao wako nyuma. Lakini hesabu haikusema hivyo. Tofauti ya majengo, ya vitabu na ya mishahara ilionekana kuwa ndogo kuliko walivyodhani, wala haikutosha kueleza tofauti kubwa ya matokeo. Jambo lililoambatana na matokeo kupita mengine yote lilikuwa hali ya nyumba: elimu ya wazazi, mali yao, vitabu nyumbani, maneno ambayo mtoto huyasikia kila siku. La pili lilikuwa hali ya watoto wenzake darasani. Tena ilionekana kwamba ustadi wa mwalimu katika lugha ulikuwa na maana, na kwamba mtoto aaminiye kuwa bidii yake yaweza kubadili maisha yake hujifunza vizuri kuliko yule aaminiye kwamba yote ni bahati.

Taarifa hii ilisomwa vibaya na watu wa namna mbili. Wa kwanza walisema, "Basi shule haina nguvu, tuache kutumia fedha." Wa pili walisema, "Basi makosa ni ya wazazi maskini." Lakini hesabu haikusema moja wala la pili. Ilisema tu kwamba mambo mawili yalionekana yakienda pamoja, yaani umaskini wa nyumba na udhaifu wa matokeo. Kusema mambo mawili huenda pamoja si kusema hayawezi kutenganishwa. Mvua na matope huenda pamoja, walakini mtu aweza kuchimba mfereji.

4. HESABU YA SHULE MBILI

Sasa twaomba kila msomaji atwae kalamu na karatasi. Shule hizi mbili ni za mfano tu, tumezitunga wenyewe ili tuelewe jambo. Kila moja ina watoto 100 waliofanya mtihani.

Shule ya kwanza ina watoto 80 wa jamaa zenye nafasi, na 20 wa jamaa maskini. Katika wale 80 walifaulu 60. Katika wale 20 walifaulu 6. Jumla, 66.

Shule ya pili ina watoto 20 wa jamaa zenye nafasi, na 80 wa jamaa maskini. Katika wale 20 walifaulu 16. Katika wale 80 walifaulu 32. Jumla, 48.

Katika orodha ya gazeti, shule ya kwanza itakuwa juu kwa 66, na ya pili chini kwa 48. Wazazi wataishangilia ya kwanza na kuilaumu ya pili. Lakini hesabuni tena. Watoto wenye nafasi, katika shule ya kwanza walifaulu 75 katika kila mia. Katika ya pili, 80. Watoto maskini, katika shule ya kwanza walifaulu 30 katika kila mia. Katika ya pili, 40. Basi shule ya pili imewasaidia watoto wa namna zote mbili kuliko ya kwanza! Imekuwa chini katika orodha kwa sababu moja tu, kwamba ilipokea maskini wengi.

Msomaji ye yote akiona ugumu, na alirudie fungu hili mara mbili au tatu, maana ndilo moyo wa somo lote. Hesabu moja ya shule nzima huchanganya mambo mawili, yaani kazi ya waalimu, na hali ya watoto walivyoingia mlangoni. Asiyeyatenga atamsifu mwalimu aliyepewa mzigo mwepesi, na kumpiga aliyepewa mzito. Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

5. MAJINA YA MAKUNDI YADANGANYAPO

Mtu aweza kusema, "Basi tuwagawe watoto kwa makundi, ukweli utaonekana." Ni kweli, yafaa. Lakini hata makundi yataka uangalifu. Tutatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni maskini. Watu wa Marekani humjuaje mtoto maskini? Kwa miaka mingi walitumia hesabu ya chakula cha mchana. Sheria ya mwaka 1946 ilianzisha msaada wa chakula shuleni, na baadaye ikawekwa kwamba mtoto ambaye mapato ya jamaa yake hayapiti kiasi fulani hula bure, na aliye juu kidogo hulipa kidogo. Basi shule ikisema, "Watoto 70 katika mia hula bure au kwa bei ndogo," watu walielewa kwamba ni shule ya maskini. Lakini sheria ya mwaka 2010 iliziruhusu shule za mitaa yenye maskini wengi kuwalisha watoto wote bure, pasipo kumwuliza kila mzazi mapato yake. Jambo hili ni jema, maana mtoto haoni haya mbele ya wenzake. Walakini tangu hapo hesabu ya chakula si kipimo kizuri cha umaskini kama zamani. Chakula kimewafikia wengi, na kipimo kimepungua ukweli wake.

Wa pili ni wale wanaojifunza Kiingereza. Mwaka 1974 Mahakama Kuu iliamua shauri la watoto wa Kichina wa mji wa San Francisco, kama 1,800, ambao hawakujua Kiingereza wala hawakupewa msaada wo wote. Mahakama ikasema kwamba kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa, ikiwa haelewi neno. Tangu hapo watoto wa namna hii huhesabiwa na kusaidiwa peke yao. Lakini angalieni: mtoto akiisha kuijua lugha, huondolewa katika kundi lile, na wageni huingia mahali pake. Kwa hiyo kundi hili litaonekana dhaifu sikuzote, hata kama waalimu wake ni hodari kupita wote, kwa kuwa kila anayeshinda hutoka. Ni kama kuwahesabu wagonjwa waliomo hospitalini na kusema, "Hospitali hii haiponyi mtu, maana wote waliomo wangali wagonjwa."

Wa tatu ni shule ndogo. Darasa likiwa na watoto kumi, mmoja akiugua siku ya mtihani, matokeo hushuka kwa kumi katika mia. Mwaka mmoja shule hiyo itasifiwa, mwaka wa pili italaumiwa, wala mwalimu hakubadilika. Kwa shule ndogo yafaa kutazama miaka mitatu au minne pamoja.

6. HESABU IKIWA BWANA BADALA YA MTUMISHI

Tarehe 8 Januari 2002 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iliyoagiza watoto wa darasa la 3 hata la 8 wapimwe kila mwaka katika kusoma na hesabu, na matokeo yatangazwe kwa makundi: weusi, weupe, maskini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Jambo hili lilikuwa na wema ndani yake, maana shule haikuweza tena kuwaficha watoto dhaifu nyuma ya wastani mzuri. Lakini sheria iliagiza pia kwamba kufika mwaka 2014 watoto wote wawe wamefikia kiwango, na shule zilizokuwa zikipokea msaada wa fedha kwa ajili ya maskini, zikikosa shabaha miaka kadhaa, zilipewa adhabu. Mwaka 2014 ulifika, na shabaha haikufikiwa. Mwaka 2015 sheria nyingine ikatwaa nafasi yake, ikaacha shabaha ile, lakini ikaendelea kuagiza matokeo yatangazwe kwa makundi.

Katika miaka ile ya hofu, jambo la aibu lilitokea katika mji wa Atlanta. Matokeo ya shule za maskini yalipanda kwa ajabu, watu wakasifu. Lakini wachunguzi wa jimbo walizitazama karatasi za mtihani wa mwaka 2009, wakaona majibu mengi mno yaliyofutwa na kuandikwa upya, kutoka jibu baya kwenda jibu zuri. Taarifa yao ya mwaka 2011 iliwataja waalimu na wakuu wa shule 178, katika shule 44. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani watu 11.

Ni nani aliyeibiwa? Si serikali tu. Aliyeibiwa ni mtoto asiyejua kusoma, aliyeandikiwa kwamba ajua. Kwa kuwa aliandikwa ajua, hakupewa msaada. Akapandishwa darasa, na ujinga wake ukafunikwa kwa wino wa mwalimu wake mwenyewe. Ndugu zetu, twaliandika hili kwa huzuni, maana waalimu wale hawakuanza kazi wakiwa wezi. Walitishwa kwa hesabu moja, wakawa watumwa wake. Sisi tunaopiga kelele barazani penye orodha ya matokeo, tujiulize kama hatumsukumi mwalimu wetu katika njia ile ile.

7. JE, SHULE HAIWEZI KITU?

Mtu akiisha kusoma hata hapa aweza kukata tamaa na kusema, "Kumbe yote ni hali ya nyumbani. Mtoto wa maskini atabaki nyuma." La, sivyo. Twataka kuonyesha mambo mawili.

La kwanza lilitokea katika jimbo la Tennessee, kati ya mwaka 1985 na 1989. Katika shule 79, watoto zaidi ya 11,000 waligawanywa kwa kura, pasipo upendeleo: wengine katika madarasa madogo ya watoto 13 hata 17, wengine katika madarasa ya kawaida ya 22 hata 25. Kwa kuwa kura ndiyo iliyochagua, matajiri na maskini walikuwamo pande zote mbili, na hivyo hali ya nyumba haikuweza kudanganya hesabu. Wale wa madarasa madogo walijifunza vizuri zaidi, na waliofaidiwa kupita wengine ni watoto weusi na watoto maskini. Basi shule ina nguvu, tena nguvu yake huwafaa hasa wale waliopungukiwa nyumbani.

La pili ni la mji wa Chicago. Watoto wengi wa shule za serikali za mji ule ni wa jamaa maskini, na wengi ni weusi au wa asili ya Amerika ya Kilatini. Mtu akitazama darasa la 3 peke yake, ataona wako nyuma ya wenzao wa nchi. Lakini Sean Reardon wa chuo kikuu cha Stanford aliwafuata watoto wale tangu darasa la 3 mwaka 2009 hata darasa la 8 mwaka 2014. Aliona kwamba katika miaka mitano walisonga mbele kiasi cha miaka sita. Walianza nyuma, lakini walikwenda upesi kuliko wastani wa nchi.

Kwa hiyo kuna maswali mawili mbalimbali. Swali la kwanza: Mtoto amefika wapi? Hili latueleza zaidi juu ya nyumba na miaka ya kwanza ya maisha. Swali la pili: Tangu alipoingia hata leo amesonga kiasi gani? Hili latueleza zaidi juu ya shule. Orodha ya gazeti hujibu la kwanza tu, nasi tumezoea kuisoma kana kwamba imejibu la pili.

8. HUKU KWETU

Tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Upande wa magharibi wa Kenya, sehemu za Busia, watafiti walizipa shule kadhaa vitabu vya masomo vya serikali, kuanzia mwaka 1996, wakalinganisha na shule ambazo hazikupewa bado. Wote walitumaini matokeo yatapanda. Wastani haukupanda. Lakini walipowagawa watoto kwa makundi, waliona kwamba watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo walifaidiwa, na wale wa nyuma hawakufaidiwa kitu. Sababu iliyoonekana ni kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu. Waliweza kukishika kitabu, lakini hawakuweza kukisoma. Asiyewagawa watoto angesema vitabu havina faida. Aliyewagawa alijua kwamba vitabu vyafaa, lakini kwanza mtoto apewe msaada wa lugha na wa kusoma.

Katika sehemu zile zile, kuanzia mwaka 1998, watoto wa shule 75 walipewa dawa ya minyoo kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikuonekana kupanda. Hapo napo twajifunza kuwa waangalifu: jambo laweza kumfaa mtoto sana, wala lisionekane katika mtihani.

Tena, Januari 2003 serikali ya Kenya ilifuta ada za shule za msingi. Katika mwaka ule watoto waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hata kama milioni 7.2. Walioingia walikuwa ni nani? Wengi ni wale ambao ada ilikuwa imewafungia mlango. Mahali kama hapo, wastani wa shule ukishuka, si lazima kwamba yupo mtoto aliyepoteza kitu. Yule aliyekuwa akichunga mbuzi jana, leo yumo darasani, ameanza herufi. Jana hakuhesabiwa kabisa. Leo amehesabiwa, na hesabu yaonekana imeshuka. Je, shule ile imeharibika, au imetengenea?

Basi tulirudia daftari la yule mwalimu. Siku ya pili yake tulikwenda shuleni tukaomba radhi mbele ya waalimu wenzake, kwa kuwa lawama tulikuwa tumeitoa mbele ya watu. Kisha tuliketi pamoja, wazee wa usharika na waalimu, tukauliza maswali mengine. Hatukuuliza tena, "Mmekuwa wa ngapi?" Tuliuliza, "Walioingia hawajui lugha, sasa wamefika wapi? Wanaokosa siku ya soko ni wangapi, na ni nani atakayesema na wazazi wao?" Mwalimu alikuwa na majibu yote, ila hakuna aliyewahi kumwuliza. Waalimu nao walikiri kwamba si kila udhaifu ulitoka nyumbani. Yalikuwapo madaftari yasiyosahihishwa. Neno hilo walilisema wenyewe, maana hakuna aliyewatisha.

Ndugu wainjilisti, ninyi mwaijua milango ya nyumba nyingi kuliko mwalimu. Mwajua nani amefiwa, nani amehama, nani hulala njaa. Ukweli mlio nao ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili iko katika daftari la shule. Zikikutana, mtoto atasaidiwa. Zisipokutana, tutaendelea kugombana juu ya orodha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Katika mfano wa shule mbili, ni ipi ungependa mtoto wako asome, na kwa sababu gani? Elezeni kwa hesabu, si kwa maneno tu.

2. Katika shule ya mahali penu, watoto gani huanza nyuma ya wenzao? Ni lugha, ni njaa, ni kuhama, au ni jambo jingine?

3. Kwa nini kundi la wanaojifunza lugha huonekana dhaifu sikuzote? Je, liko kundi la namna hiyo katika shule yenu?

4. Yaliyotokea Atlanta yalitoka wapi: katika mtihani wenyewe, au katika namna watu walivyoutumia? Sisi twaweza kufanya nini mwalimu asiogope kusema ukweli juu ya mtoto aliye dhaifu?

5. Mtakapokutana na mwalimu mkuu, mtamwuliza maswali gani matatu? Yaandikeni kabla hamjaenda, na mwende kabla ya matokeo kutangazwa, si baadaye.